Kuchagua bunduki na risasi ya kuwindia wanyama wa wastani

KILA msimu wa uwindaji unapofunguliwa katika nchi jirani ya Tanzania, swali lile lile huzuka miongoni mwa wanaojiandaa kuingia porini: ni bunduki gani, na risasi ipi, itakayomwangusha swala pala, ngiri au kongoni papo hapo, bila kumwacha akitokomea vichakani na jeraha?

Hapa Kenya swali hilo lilikoma kuwa la kawaida mnamo Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliendeleza msimamo huo. Hata mpango wa majaribio wa kuvuna wanyama kwenye mashamba makubwa ya watu binafsi, ulioanzishwa miaka ya tisini, ulisitishwa mnamo 2003.

Kwa hivyo, maelezo haya hayampi msomaji ruhusa ya kuwinda katika ardhi ya Kenya. Yanamhusu aliye na leseni Tanzania, Namibia au Afrika Kusini, ambako uwindaji ungali halali. Yanamhusu pia askari wa wanyamapori anayetumwa kumaliza mateso ya mnyama aliyegongwa na gari barabarani.

Wengi hukosea tangu mwanzo kwa kudhani kuwa bunduki kubwa husamehe mkono mbaya. Ukweli ni kinyume. Mnyama aliyepigwa tumboni kwa risasi kubwa hukimbia na kufa polepole sawa na aliyepigwa tumboni kwa risasi ndogo, ilhali aliyepigwa mapafuni kwa risasi ya kadiri huanguka baada ya hatua chache.

Mnyama kwanza, bunduki baadaye

Mnyama wa wastani, kwa lugha ya wawindaji wa Afrika, ni yule mwenye uzani wa kati ya kilo 40 na kilo 300 hivi. Swala pala dume huwa na kilo 50 hadi 75. Pongo hukaribia uzani huo huo. Ngiri dume aliyekomaa aweza kupita kilo 100, naye ana mifupa migumu na ngozi iliyopakwa tope. Kongoni hufika kilo 150 na zaidi, nyumbu na kuro hupita 200, na tandala mkubwa dume hukaribia 300.

Pofu, ambaye dume lake laweza kufika kilo 900, hayumo katika kundi hili ingawa ni mpole. Nyati hayumo kabisa. Kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, kiwango cha chini kinachokubalika katika nchi nyingi za Kiafrika zinazoruhusu uwindaji, Tanzania ikiwemo, ni risasi ya .375, na huo ni mjadala mwingine.

Mandhari nayo yana sauti yake. Katika misitu ya miombo ya kusini na magharibi mwa Tanzania, miti hukatiza macho na wanyama wengi hupigwa wakiwa chini ya mita 150. Kwenye mbuga wazi mwindaji aweza kushawishika kujaribu mita 300. Ushawishi huo ndio unaowaharibia wengi siku.

Neno moja, vitu vitatu

Kiswahili kinatumia neno risasi kwa mambo matatu: madini ya risasi, kipande kinachoruka hadi kwa mnyama, na kile kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki. Mnunuzi asipoyatenganisha, atauziwa asichokihitaji.

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo aghalabu ni la shaba nyeupe. Nyuma ya ganda kuna fataki inayogongwa na pini ya bunduki. Ndani yake kuna baruti. Mbele kabisa kuna kichwa, ambacho ndicho kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama. Katika makala haya tutakiita kichwa cha risasi.

Majina yaliyopigwa chapa kwenye ganda huwatatiza wageni kwa sababu hayafuati kanuni moja. Katika 7x57, nambari ya kwanza ni kipenyo cha kichwa kwa milimita na ya pili ni urefu wa ganda. Katika .308, nambari ni kipenyo kwa sehemu za inchi. Katika .30-06, ile 06 haihusiani na kipimo chochote bali ni mwaka wa 1906, ambapo jeshi la Marekani liliipokea. Kuna pia .275 Rigby, ambayo kwa hakika ni ile ile 7x57 ya Mauser iliyopewa jina la Kiingereza na muuzaji wa London.

Mwenye bunduki asome maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wake na anunue risasi yenye jina hilo hilo, si inayokaribia. Risasi isiyo yake yaweza kupasua silaha usoni.

Nguvu kiasi gani inatosha?

Nguvu ya risasi hupimwa kwa jouli, na hutokana na uzani wa kichwa pamoja na kasi yake. Kasi ndiyo yenye uzito zaidi katika hesabu hiyo: ukiiongeza maradufu, nguvu huongezeka mara nne.

Nchi kadhaa zimeweka viwango katika sheria, navyo vinamsaidia hata mtu anayewinda kwingine. Namibia inadai angalau jouli 1,350 kwa swala mdogo kama springbok, jouli 2,700 kwa tandala, choroa na kongoni, na jouli 5,400 kwa nyati na tembo. Ujerumani inadai jouli 1,000 katika umbali wa mita 100 kwa paa wao mdogo, na jouli 2,000 pamoja na kipenyo kisichopungua milimita 6.5 kwa wanyama wakubwa zaidi, wakiwemo nguruwe-mwitu.

Tukilinganisha na risasi zinazopatikana madukani, picha huwa wazi. Risasi ya .243, iliyoanza kuuzwa 1955, hutoka mtutuni ikiwa na takriban jouli 2,600. Ile ya 7x57, ya tangu miaka ya 1890, huwa na jouli 3,000 hivi. Risasi ya .308, ya mwaka 1952, yenye kichwa cha gramu 9.7, hufika karibu 3,600. Ya .270, ya mwaka 1925, hulingana nayo au kuizidi kidogo, na .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 hukaribia 4,000. Ile .375 ya Holland & Holland, ya mwaka 1912, hupita 5,700.

Maana yake ni kwamba kwa mnyama wa wastani, nguvu si tatizo. Risasi zenye zaidi ya karne moja zinatosha, na zilitosha tangu zamani. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipotua Mombasa mnamo Aprili 1909 kwa safari iliyohusishwa na taasisi ya Smithsonian, miongoni mwa silaha zake mlikuwamo Springfield ya .30-06, na aliitumia kwa wanyama wengi wa mbugani. Yeye na mwanawe Kermit waliua zaidi ya wanyama 500, idadi ambayo leo inachukiza, lakini risasi hiyo ingali inauzwa kote duniani.

Kichwa cha risasi ndicho kinachoua

Hapa ndipo fedha na fikira za mnunuzi zinapofaa kuelekezwa, na ndipo wengi hawafiki.

Kichwa cha kawaida cha kuwindia kina kiini cha madini ya risasi kilichofunikwa kwa koti la shaba, na ncha yake imeachwa wazi. Kinapogonga mwili, ncha hiyo hufunguka kama uyoga, kipenyo chake kikakaribia kuongezeka maradufu, na njia kinayoipasua mapafuni ikawa pana. Mnyama hupoteza damu na pumzi kwa haraka, akazimia kabla hajafika mbali.

Kichwa cha kijeshi kimefunikwa koti zima na hakifunguki. Hupenya na kutokea upande wa pili kikiwa kimeacha tundu jembamba. Azimio la The Hague la 1899 ndilo lililokataza vitani vichwa vinavyofunguka, likilenga kupunguza madhara kwa askari. Kwa mnyama hali ni kinyume: Uingereza, kwa mfano, inadai katika sheria kuwa paa wapigwe kwa vichwa vinavyofunguka tu, kwa sababu visivyofunguka humwacha mnyama akienda na jeraha kilomita nyingi.

Hili lina maana kwa msomaji wa Kenya. Bunduki ya G3, ambayo askari wetu wameibeba kwa miaka mingi, hutumia risasi ya 7.62 milimita, ambayo ni ndugu wa kijeshi wa .308. Nguvu zake zinakaribiana, lakini kichwa chake cha koti zima hakifai kwa swala. Ile ya AK-47 ni dhaifu zaidi, jouli 2,000 hivi, na kwa kawaida huwa na kichwa cha aina hiyo hiyo. Majangili wanaotumia silaha hizo huacha nyuma majeruhi ambao hakuna anayewahesabu.

Kuna wanaotaja habari za Mskoti Walter Bell, aliyepewa lakabu ya Karamojo kwa ajili ya safari zake Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa ile 7x57 ndogo yenye kichwa cha koti zima. Lakini wanaomtaja husahau kuwa Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na kwamba shabaha yake haikuwa ya kawaida.

Tatizo la upande mwingine ni kichwa laini mno. Kikienda kwa kasi kubwa na kugonga mfupa wa bega kwa karibu, huweza kusambaratika kabla ya kufika mapafuni. Ndiyo sababu John Nosler wa Marekani, baada ya risasi zake kushindwa kumwangusha mnyama wa Kaskazini mwa Amerika aitwaye moose mnamo 1946, alibuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati. Nusu ya mbele hufunguka na nusu ya nyuma husalia nzima ikiendelea kupenya. Kilianza kuuzwa 1948 na hakijatoweka madukani.

Kwa ngiri, nyumbu, kuro na tandala, ushauri wetu ni kuchagua kichwa cha namna hiyo, au kile ambacho kiini na koti vimeunganishwa kwa joto visitengane. Kwa swala pala pekee, kichwa cha kawaida chenye ncha laini kinatosha, tena kwa bei nafuu.

Vipo pia vichwa vya shaba tupu. Hivi vinazidi kuenea kwa sababu madini ya risasi ni sumu, na vipande vyake vidogo husambaa ndani ya nyama mbali na tundu linaloonekana. Tumbusi wanaokula matumbo yaliyoachwa porini hudhurika. California ilikataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019 ili kumnusuru tumbusi mkubwa aitwaye kondori, nayo Denmark ikafanya vivyo hivyo kwa bunduki za kuwindia mnamo Aprili 2024. Anayewinda ili watoto wake wale nyama ana sababu ya kufikiria jambo hili mapema. Shaba ni nyepesi na ngumu kuliko risasi, hivyo mnunuzi achukue kichwa chepesi kidogo kitakachokwenda kasi, ili kifunguke. Aidha, akate na kutupa nyama iliyo karibu na jeraha kama ametumia kichwa cha kawaida.

Ipi basi?

Kwa mtu atakayenunua bunduki moja ya kuwindia wanyama wa wastani, .308 ndiyo tungeipendekeza kwanza. Haisukumi bega kupita kiasi, vichwa vyake ni vya aina nyingi, na risasi zake hupatikana karibu kila duka la silaha. Sifa ya mwisho si ndogo. Risasi nzuri isiyopatikana mjini humfanya mwenyewe kuacha mazoezi ili asiimalize.

Mwenye .30-06 hana haja ya kuibadilisha, kwani inafanya yote hayo na inabeba vichwa vizito zaidi kwa tandala. Ile 7x57 ni tulivu begani na inapenya vizuri, japo risasi zake ni adimu. Ya .270 hupendwa na wanaowinda kwenye uwanda wazi kwa kuwa njia yake angani imenyooka.

Risasi ya .243 inafaa kwa swala pala na wadogo wake, mikononi mwa mtu makini. Kwa kuro au tandala haiachi nafasi ya kosa lolote. Zile ziitwazo magnum, kama .300, zina nguvu ya ziada ambayo mnyama wa wastani haihitaji, na mshindo wake humfanya mwanafunzi afumbe macho kabla ya kufyatua. Kufumba macho huko kumepotezea watu swala wengi kuliko udhaifu wa risasi yoyote.

Atakayewinda nyati pia aweza kuchukua .375 na kuitumia kwa wote. Haiharibu nyama sana kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kichwa chake kizito huenda polepole. Lakini kishindo chake begani ni karibu maradufu ya .308, na asiyeizoea asianzie hapo.

Bunduki yenyewe

Bunduki ya kukoki kwa mkono, ambayo komeo lake huvutwa na kurudishwa baada ya kila risasi, ndiyo ya kutegemewa zaidi. Nyingi zinafuata mtindo wa Mauser wa 1898. Ina vipande vichache, huvumilia vumbi, na humlazimu mwindaji kutulia kabla ya risasi ya pili. Silaha za rashasha hazina nafasi katika uwindaji, na sheria ya wanyamapori ya Tanzania haiziruhusu.

Mtutu wa sentimita 55 hadi 60 unatosha. Uzani wa kilo 3.5 hadi 4 pamoja na darubini ni wa wastani: nyepesi kuliko hapo hupiga bega zaidi, nzito kuliko hapo huchosha ifikapo saa sita mchana.

Jambo lisilozingatiwa ni kitako. Mnunuzi aiweke bunduki begani akiwa amefumba macho, kisha ayafumbue. Asipoona katikati ya darubini mara moja, kitako hicho ni kirefu au kifupi kwake. Fundi aweza kukirekebisha kwa gharama ndogo kuliko ya kununua bunduki nyingine.

Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha kwa kazi zote hizi, na katika vichaka iachwe kwenye 3. Afadhali bunduki ya kawaida yenye darubini nzuri kuliko bunduki ghali yenye darubini duni, kwani skrubu zinazolegea njiani hupotosha shabaha bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana kambini mgeni huombwa apige karatasi kabla ya kumkaribia mnyama yeyote.

Anayenunua bunduki iliyotumika aitazame ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Mifuo iwe na kingo kali, pasiwe na kutu wala vijishimo.

Mazoezi na mahali pa kupiga

Bunduki ya .308 ikilengwa ili kichwa kigonge sentimita 5 hivi juu ya alama katika mita 100, itagonga alama yenyewe katika mita 200, na itakuwa imeshuka kwa sentimita 20 au zaidi katika mita 300. Kwa swala pala, ambaye eneo lake la moyo na mapafu halizidi sana upana wa sahani ya kikombe, tofauti hiyo ya mwisho ni tofauti ya kifo na jeraha.

Basi sahani hiyo iwe kipimo. Mwindaji asimame, aegemeze bunduki kwenye vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja kama wafanyavyo waongozaji, na apige sahani ya sentimita 15 mara tatu kwa tatu katika mita 100. Akikosa hata moja, asogee hadi mita 70. Umbali anaofaulu ndio mpaka wake porini, hata darubini ikimwonyesha mengine. Masikio yazibwe wakati wote wa mazoezi, kwa kuwa mlio wa bunduki hupita desibeli 140 na uziwi wake hauponi.

Kwa mnyama aliyesimama ubavu, macho yaufuate mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, hadi theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili. Wageni kutoka Ulaya, waliozoea kulenga nyuma ya bega, hupiga nyuma mno hapa kwetu, kwa kuwa moyo wa wanyama wengi wa Afrika umekaa mbele na chini. Mnyama anayemtazama mwindaji, au aliye na wenzake nyuma yake, aachwe. Kichwa cha .308 aghalabu humpitia swala pala na kuendelea.

Baada ya kufyatua, mwindaji akoki tena papo hapo bila kuondoa jicho, akumbuke mti ambapo mnyama alikuwa, na asubiri kabla ya kufuata damu. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, na safari itakuwa fupi. Damu hafifu yenye majani mabichi ni ya tumbo. Hapo kusubiri kuwe kurefu zaidi, kwani mnyama asiyefukuzwa hulala karibu. Katika vitalu vya uwindaji, aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kwenye leseni kama aliyeuawa, na mwindaji hulipa.

Vibali

Nchini Tanzania uwindaji husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, chini ya sheria ya 2009. Mgeni huwinda kupitia kampuni iliyopewa kitalu, akiandamana na mwindaji bingwa. Ni kosa kupiga mnyama kutoka ndani ya gari.

Mkenya anayetaka kuvuka mpaka na silaha yake ni lazima awe na cheti halali cha kuimiliki, na apate vibali vya kuitoa nchini na kuiingiza kule kabla hajafunga mizigo. Kwa wanaosafiri kwa ndege, kanuni za kimataifa huruhusu risasi zisizozidi kilo 5 kwa abiria mmoja, zikiwa ndani ya mzigo unaokabidhiwa shirika na si ule wa mkononi. Kilo 5 ni risasi zaidi ya 150 za .308, nazo zinatosha mazoezi ya kambini na safari nzima. Zote ziwe za kiwanda kimoja na aina moja, zile zile zilizotumika kurekebisha darubini nyumbani.